VIWAMBA VIWILI, VIPIMO VIWILI: CHANZO NA TIBA YA MATATIZO YA UKUZAJI TARAKILISHI IUNGWAPO NA KIWAMBA CHA PILI

Ikisiri

Makala hii inanuia kueleza kwa nini maandishi na picha hupoteza ukubwa au ubainifu wake pindi tarakilishi inapounganishwa na kiwamba cha pili, kiwe ni projekta ya ukumbini, televisheni au kiwamba cha mezani. Kwanza tutafafanua dhana za kimsingi, hususan pikseli, msongamano wa pikseli na ukuzaji. Pili, tutaonyesha jinsi programu zinavyotofautiana katika kuutambua ukuzaji huo. Tatu, tutapendekeza utaratibu wa uchunguzi ambao mwanafunzi au mhadhiri asiye fundi anaweza kuufuata. Hatimaye tutagusia suala la istilahi, kwa kuwa tatizo lisilo na jina huwa gumu kulieleza na gumu zaidi kulitatua.

1.0 Utangulizi

Siku hizi hakuna mwanafunzi wa Kiswahili anayeweza kudai kwamba tarakilishi ni chombo cha wanasayansi peke yao. Tasnifu huandikwa humo, data ya nyanjani huchanganuliwa humo, na makala ya makongamano huwasilishwa kwa slaidi zinazotupwa ukutani na projekta. Aidha, wahariri wa majarida na wanafunzi wa uzamili wamezoea kukiunganisha kipakatalishi na kiwamba kikubwa zaidi ili matini asilia ikae upande mmoja na tafsiri upande wa pili.

Hata hivyo, wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Mara tu kiwamba cha pili kinapochomekwa, mambo huanza kwenda mrama. Maandishi yaliyokuwa safi huwa na ukungu. Madirisha hufura au husinyaa yanapovushwa kutoka kiwamba kimoja hadi kingine. Vitufe vya chini hutoweka, na kingo za slaidi hukatwa.

Kwa mwanaisimu, kasoro hizi si za mapambo tu. Tuchukue mfano wa jozi ng'oa na ngoa. Tofauti ya nazali ya kaakaa laini na nazali inayofuatwa na kipasuo imebebwa na alama moja ndogo ya ritifaa, ambayo ukungu ukizidi haionekani. Mtafiti wa toni katika lugha za Kibantu kama Kikuyu na Kikamba huweka alama juu ya irabu, nazo ndizo za kwanza kupotea. Hali kadhalika mwanafunzi wa ushairi wa kale anayesoma picha za miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, kama ile iliyohifadhiwa SOAS huko London au katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hutegemea nukta. Nukta moja chini ni ba, mbili juu ni ta, tatu juu ni tha. Kiwamba kinachozichanganya nukta hizo huchanganya usomaji wenyewe. Isitoshe, mtahiniwa anayetetea tasnifu yake mbele ya jopo hana muda wa kubahatisha vitufe huku watahini wakisubiri.

2.0 Dhana za kimsingi

2.1 Kiwamba na pikseli

Neno kiwamba, ambalo limeshika mizizi nchini Kenya, lina uhusiano na kitenzi wamba, yaani kunyoosha ngozi juu ya ngoma au kamba juu ya kitanda hadi zikakaza. Tutaona baadaye kwamba dhana hiyo ya kuwamba inalieleza tatizo letu vizuri kuliko tunavyotarajia.

Picha yoyote inayoonekana kwenye kiwamba imeundwa kwa nukta ndogo sana za mwanga zinazoitwa pikseli. Kiwamba kinaposemekana kuwa ni cha 1366 kwa 768, maana yake ni kwamba kina safu wima 1366 na safu mlalo 768 za pikseli. Vipakatalishi vingi vya bei nafuu vina idadi hiyo. Vingine vina 1920 kwa 1080. Na viwamba vya hali ya juu vina 3840 kwa 2160. Projekta nyingi za madarasani, kwa upande wake, zina 1024 kwa 768 au 1280 kwa 800.

Ni muhimu kutaja kwamba pikseli za viwamba vya kisasa haziongezeki wala kupungua, kwa sababu zimejengwa kiwandani. Mtumiaji akikiagiza kiwamba kionyeshe idadi ndogo kuliko kilichojengewa, kifaa hulazimika kuitandaza picha hiyo juu ya pikseli zote kilizo nazo. Kwa kuwa hesabu haigawanyiki sawasawa, baadhi ya mistari huangukia katikati ya pikseli mbili na kupakwa kijivu. Hicho ndicho chanzo cha kwanza cha ukungu.

2.2 Msongamano wa pikseli

Idadi ya pikseli pekee haitoshi kueleza ukubwa wa maandishi. Yafaa pia tujue pikseli hizo zimebanwa katika nafasi gani. Ukubwa wa kiwamba hupimwa kwa inchi kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili kimshazari. Kipakatalishi cha inchi 14 chenye pikseli 1920 kwa 1080 kina takriban pikseli 157 katika kila inchi. Kiwamba cha mezani cha inchi 24 chenye idadi iyo hiyo kina takriban pikseli 92 tu kwa inchi. Pikseli za kifaa cha kwanza zimesongamana. Za kifaa cha pili zimeachana.

Tuseme basi herufi fulani imechorwa kwa urefu wa pikseli 16. Kwenye kiwamba cha mezani herufi hiyo itakuwa na urefu wa milimita 4.4 hivi. Kwenye kipakatalishi, herufi iyo hiyo itakuwa na milimita 2.6 tu. Msomaji atalazimika kukunja uso ili aione.

2.3 Ukuzaji

Ili kuondoa adha hiyo, mifumo endeshi huwa na kipimo tunachokiita hapa ukuzaji. Katika mfumo wa Windows, asilimia 100 inawakilisha makadirio ya pikseli 96 kwa inchi. Tarakimu hii ina historia yake. Tarakilishi ya Macintosh ya mwaka 1984 ilitumia pikseli 72 kwa inchi ili pikseli moja ilingane na pointi moja ya wapiga chapa. Windows ilichagua 96, ambayo ni 72 pamoja na thuluthi yake, kwa hoja kwamba mtu hukaa mbali zaidi na kiwamba kuliko anavyoishika karatasi, hivyo maandishi yanastahili kukuzwa kwa thuluthi moja.

Kutokana na msingi huo, asilimia 125 ni sawa na 120, asilimia 150 ni sawa na 144, na asilimia 200 ni sawa na 192. Kipakatalishi tulichokitaja kikiwekwa kwenye asilimia 150, herufi ya pikseli 16 huchorwa kwa pikseli 24, na urefu wake halisi hufika milimita 3.9. Hapo macho hupumzika.

3.0 Kwa nini kiwamba cha pili huzua utata

Mtumiaji mwenye kiwamba kimoja huchagua kipimo kimoja na mambo yakamalizika. Viwamba vinapokuwa viwili vyenye misongamano tofauti, vipimo navyo hulazimika kuwa viwili. Asilimia 150 inayokifaa kipakatalishi itaifanya herufi yetu iwe na milimita 6.6 kwenye kiwamba cha mezani, ambacho hakihitaji zaidi ya asilimia 100. Swali linalozuka ni hili: dirisha likivushwa kutoka kiwamba kimoja hadi kingine, nani atalibadilishia kipimo?

Jibu hutegemea programu yenyewe ilivyoundwa. Tunaweza kuzigawa programu za Windows katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la programu zisizojua ukuzaji. Hizi, ambazo nyingi ni kongwe, huamini kwamba kila kiwamba duniani kina pikseli 96 kwa inchi. Zikiachwa huru kwenye kiwamba chenye msongamano mkubwa, maandishi yake yatakuwa madogo mno. Kwa hivyo, tangu Windows Vista iliyotolewa kwa umma mwaka 2007, mfumo huiacha programu ichore picha yake ndogo, kisha huichukua picha hiyo na kuinyoosha hadi ifikie ukubwa unaotakiwa. Hapa ndipo kitenzi wamba kinapodhihirisha maana yake. Picha inawambwa kama ngozi juu ya mzinga wa ngoma: inafika ukingoni, lakini inakuwa nyembamba. Ukubwa unapatikana, ubainifu unapotea.

Kundi la pili ni la programu zinazojua kipimo kimoja tu. Programu ya aina hii huuliza kipimo cha kiwamba kikuu mwanzoni, ikajichora kwa usahihi kulingana nacho. Baada ya hapo haiulizi tena. Ikipelekwa kwenye kiwamba chenye kipimo tofauti, mfumo huinyoosha au huibana. Ndiyo sababu dirisha lile lile huwa safi upande huu na lenye ukungu upande ule.

Kundi la tatu ni la programu zinazojua kipimo cha kila kiwamba. Uwezo wa kuwa na vipimo tofauti kwa viwamba tofauti uliingizwa katika Windows 8.1 mwaka 2013, na ukaboreshwa sana katika Windows 10 mwaka 2017. Programu ya kundi hili hujichora upya kila inapovuka mpaka. Vivinjari vya kisasa vya wavuti ni mfano mzuri.

Inafaa kusisitiza, basi, kwamba tatizo la ukungu aghalabu si ubovu wa kiwamba wala wa macho ya mtumiaji. Ni matokeo ya programu ya kundi la kwanza au la pili kuwekwa mahali isipopajua.

Mifumo mingine ina desturi zake. Tarakilishi za Apple, tangu viwamba vyenye msongamano mkubwa vilipoingizwa katika vipakatalishi vyake mwaka 2012, huachia mfumo wenyewe kazi ya kurekebisha dirisha linapovuka mpaka. Kwa watumiaji wa Linux, mfumo mkongwe wa kuchora uitwao X11 kwa kawaida hutoa kipimo kimoja kwa eneo-kazi zima, ilhali ule mpya uitwao Wayland huruhusu kila kiwamba kiwe na chake. Mjadala unaofuata unajikita katika Windows, kwa kuwa ndiyo iliyoenea zaidi katika maabara na ofisi zetu.

4.0 Dalili na tiba zake

4.1 Ukungu kwenye programu moja

Iwapo programu moja ndiyo yenye ukungu huku nyingine zikiwa safi, tatizo limo katika programu hiyo. Hatua ya kwanza ni kuifunga na kuifungua tena, ili iulize kipimo upya. Ikiwa ukungu umebaki, mtumiaji atoke katika akaunti yake kisha aingie tena, kiwamba cha pili kikiwa kimeunganishwa. Kutoka kwenye akaunti hapa ni tofauti na kukifunika tu kipakatalishi kilale. Kulala hakubadilishi chochote.

Hatua hii hulitatua tatizo la mtu aliyeiwasha tarakilishi ikiwa imeunganishwa na kiwamba cha mezani ofisini, akakichomoa kipakatalishi na kwenda nacho ukumbini. Programu zake zilichukua kipimo cha ofisini; ukumbini zinawambwa.

Tiba ya mwisho kwa programu sugu imo katika sifa za programu yenyewe. Mtumiaji hubofya alama ya programu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akachagua kipengee cha sifa, kisha ukurasa wa upatanifu, na humo akafungua mipangilio ya msongamano mkubwa wa pikseli. Anaweza kuamuru ukuzaji ufanywe na programu yenyewe, ufanywe na mfumo, au ufanywe na mfumo kwa njia iliyoboreshwa. Chaguo hili la tatu, lililoongezwa mwaka 2017, huuwezesha mfumo kuchora upya maandishi ya baadhi ya programu kongwe badala ya kuyanyoosha. Ajaribu moja baada ya jingine, kwa kuwa hakuna linalozifaa programu zote.

4.2 Kila kitu ni kikubwa mno au kidogo mno

Ikiwa kiwamba kizima ndicho kilichofura au kusinyaa, tatizo limo katika mipangilio ya mfumo. Mtumiaji abofye kwa kitufe cha kulia mahali patupu kwenye eneo-kazi na achague mipangilio ya kiwamba. Ataona mistatili miwili yenye nambari 1 na 2. Kosa linalojirudia sana ni kubadilisha kipimo bila kuchagua kwanza mstatili unaohusika, hivyo kurekebisha kiwamba kisichougua. Abofye mstatili wa kiwamba chenye tatizo, kisha ahakikishe mambo mawili: idadi ya pikseli iwe ile iliyoandikiwa kwamba inapendekezwa, na asilimia ya ukuzaji nayo iwe inayopendekezwa.

Mpangilio huu una mtego mmoja. Windows humruhusu mtumiaji kuandika asilimia yake mwenyewe, kati ya 100 na 500. Asilimia hiyo ya binafsi hutumika kwa viwamba vyote kwa pamoja na huuzima utaratibu wa kila kiwamba kuwa na kipimo chake. Mtu aliyewahi kuandika 140 akitumia kiwamba kimoja atashangaa miezi mingi baadaye kiwamba cha pili kinapokataa kutii. Tiba ni kuufuta mpangilio huo wa binafsi na kutoka katika akaunti.

4.3 Projekta na hali ya kunakili

Kitufe cha Windows kikibonyezwa pamoja na herufi P, mfumo hutoa chaguo nne: kiwamba cha tarakilishi pekee, kunakili, kutandaza, na kiwamba cha pili pekee. Katika kunakili, viwamba vyote viwili huonyesha picha moja. Kwa hiyo hulazimika kukubaliana kuhusu idadi ya pikseli, na mara nyingi mwenye nyingi hushuka hadi kwa mwenye chache. Kipakatalishi cha 1920 kwa 1080 kina pikseli 2,073,600. Kikishuka hadi 1024 kwa 768 kinabaki na picha ya pikseli 786,432, yaani takriban asilimia 38 ya uwezo wake. Juu ya hayo, umbo la mstatili hubadilika kutoka 16 kwa 9 hadi 4 kwa 3, na sura za watu pichani huweza kunenepa au kurefuka.

Hali hiyo huleta dalili nyingine. Ukuzaji wa asilimia 125 juu ya kiwamba cha 1024 kwa 768 huacha nafasi inayolingana na 819 kwa 614 tu. Dirisha dogo lililobuniwa kwa nafasi kubwa zaidi hutumbukia chini ya ukingo, na kitufe cha kukubali hakionekani tena. Mtumiaji apunguze ukuzaji wa projekta hadi asilimia 100.

Ushauri wetu ni kwamba mwasilishaji achague kutandaza badala ya kunakili. Kila kiwamba hubaki na pikseli zake na kipimo chake, na programu ya slaidi humwonyesha mwasilishaji muhtasari wake huku hadhira ikiona slaidi pekee. Vilevile ikumbukwe kwamba tangu toleo la mwaka 2013, PowerPoint huanza slaidi mpya kwa umbo la 16 kwa 9. Slaidi hizo zikitupwa na projekta ya 4 kwa 3, mikanda myeusi itatokea juu na chini. Huo si ubovu. Umbo la slaidi linaweza kubadilishwa mapema iwapo ukumbi unajulikana.

4.4 Kingo zilizokatwa kwenye televisheni

Televisheni inapotumiwa badala ya projekta, huenda sehemu ya pembeni ya picha ikakatwa pande zote nne. Hii ni desturi iliyorithiwa kutoka kwa televisheni za zamani, ambazo ziliikuza picha kidogo ili kuficha kingo zisizo sawa. Tiba haimo katika tarakilishi bali katika televisheni yenyewe. Kwa kutumia rimoti, mtumiaji atafute mpangilio wa ukubwa wa picha na achague ule unaoonyesha kila pikseli kama ilivyo, bila kuikuza.

4.5 Kielekezi kinachokwama na madirisha yaliyopotea

Kielekezi kikigonga mpaka wa viwamba kana kwamba kuna ukuta, sababu ni kwamba mfumo huvipanga viwamba kwa idadi ya pikseli wala si kwa sentimita. Kiwamba chenye urefu wa pikseli 2160 kina ukuta wa pikseli 1080 usio na jirani pale kinapowekwa kando ya kile cha 1080. Mtumiaji aiburute mistatili katika mipangilio hadi kingo zake zilingane na jinsi viwamba vilivyokaa mezani.

Dirisha lililobaki kwenye kiwamba kilichokwisha kuchomolewa nalo linaweza kurudishwa. Lichaguliwe kwa vitufe vya Alt na Tab, kisha kibonyezwe kitufe cha Windows pamoja na Shift na mshale wa kushoto au kulia. Dirisha litarukia kiwamba kingine.

4.6 Kebo na kiendeshi

Kiwamba kinapounganishwa hujitambulisha kwa tarakilishi kupitia kebo: huitajia ukubwa wake na idadi ya pikseli inazoweza kuonyesha. Mapendekezo yote ya ukuzaji hujengwa juu ya utambulisho huo. Kebo kongwe ya VGA, iliyozuka mwaka 1987, ikiwa na pini iliyovunjika, au ikipitia kigawanyo kisichopitisha utambulisho, tarakilishi hubaki ikikisia. Matokeo yake ni idadi ya chini ya pikseli na orodha isiyo na ile inayofaa. Kabla ya kuilaumu programu, kebo nyingine ijaribiwe.

Hata kebo na matundu mapya yana mipaka. HDMI ya toleo la 1.4 huonyesha upya picha ya 3840 kwa 2160 mara 30 tu kwa sekunde, na kielekezi huonekana kikisuasua. Toleo la 2.0 la mwaka 2013 hufikisha mara 60.

Sababu nyingine ni kiendeshi cha picha, yaani programu inayouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa cha picha. Kikikosekana, Windows hutumia kiendeshi chake cha dharura ambacho mara nyingi hakiwezi kuhudumia kiwamba cha pili. Kiendeshi sahihi hupatikana kwa mtengenezaji wa tarakilishi au wa kifaa cha picha. Ikiwa kipo lakini kimekwama, vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B vikibonyezwa kwa pamoja hukiwasha upya bila kufunga kazi iliyo wazi.

5.0 Utaratibu wa uchunguzi

Daktari mwema hapimi maradhi kumi kwa wakati mmoja. Tunapendekeza hatua zifuatazo kwa mpangilio huu, moja baada ya nyingine, na matokeo yaangaliwe kabla ya kuendelea:

(a) Kagua kebo na tundu. Chomoa na uchomeke upya.
(b) Tambua hali: ni kunakili au kutandaza? Badilisha iwe kutandaza.
(c) Chagua kila kiwamba kwa zamu na ukiwekee idadi ya pikseli inayopendekezwa.
(d) Kiwekee kila kiwamba asilimia ya ukuzaji inayopendekezwa. Futa asilimia yoyote ya binafsi.
(e) Funga programu yenye ukungu na uifungue tena. Isipopona, toka katika akaunti na uingie.
(f) Ikiwa programu ni moja tu, badilisha mipangilio ya upatanifu wake.
(g) Mwisho kabisa, sasisha kiendeshi cha picha.

Mantiki ya mpangilio huu ni kwamba hatua za mwanzo huathiri viwamba vizima, na za baadaye huathiri programu mojamoja. Anayeanza na (f) kabla ya (c) atairekebisha programu ifae kiwamba ambacho chenyewe kimepangwa vibaya. Kiendeshi kimewekwa mwisho kwa kuwa kukibadilisha huhitaji muda, intaneti na pengine idhini ya msimamizi wa maabara. Kwa mtahiniwa aliyebakiwa na dakika tano kabla ya kuitwa na jopo, hatua (a) hadi (d) zinatosha.

6.0 Ukuzaji si fonti: nasaha kwa waandishi wa tasnifu

Kuna aina tatu za kukuza ambazo hazistahili kuchanganywa. Ukuzaji wa mfumo, tuliokwisha kuueleza, hubadilisha menyu, alama na maandishi yote. Ukuzaji wa ndani ya programu, kwa mfano ule wa pembeni mwa Word, hubadilisha jinsi waraka unavyoonekana katika dirisha hilo. Ukubwa wa fonti, kwa upande mwingine, ni sehemu ya waraka wenyewe.

Aina mbili za kwanza haziuathiri waraka unapochapishwa. Fonti ya pointi 12 ni sehemu 12 kati ya 72 za inchi, yaani milimita 4.2 hivi kwa kimo cha fonti nzima, iwe kiwamba kiliionyesha kubwa au ndogo. Lakini mwandishi anayeona maandishi madogo baada ya kuunganisha kiwamba kipya, akapandisha fonti kutoka 12 hadi 16, ameubadilisha waraka. Kurasa zitaongezeka, majedwali yatavunjika, yaliyomo hayatalingana na kurasa, na kanuni za shule ya uzamili zitakuwa zimekiukwa. Macho yakiona dogo, basi kikuzwe kiwamba, si fonti.

7.0 Suala la istilahi

Msomaji ameona kwamba tumetumia maneno kama kiwamba, kielekezi, ukuzaji, msongamano wa pikseli, kunakili na kutandaza. Baadhi yamekwisha kuzoeleka, mengine yametumiwa hapa kwa maana mahususi. Juhudi za kukifanya Kiswahili kiwe lugha ya tarakilishi si ngeni. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na kampuni ya Microsoft nayo ikatayarisha sura ya Kiswahili ya programu zake katika miaka iyo hiyo.

Hata hivyo, istilahi nyingi zimebaki katika menyu na orodha bila kutumiwa katika maelezo marefu. Istilahi huthibitika inapowekwa ndani ya hoja yenye sababu na matokeo. Tukisema programu imewambwa, tumetaja tendo na tumeeleza pia kwa nini ukungu umetokea. Pikseli, kwa upande wake, limetoholewa, nasi hatuoni haja ya kulibunia mbadala kwa kuwa halina utata. Uamuzi wa mwisho ni wa wanaleksikografia na vyombo husika, lakini malighafi yao hutokana na matumizi yetu.

8.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba matatizo ya ukuzaji hutokana na tofauti ya msongamano wa pikseli baina ya viwamba, pamoja na uwezo tofauti wa programu kuitambua tofauti hiyo. Tumeonyesha pia kwamba mengi yanaweza kutatuliwa bila fundi, mradi mtumiaji atofautishe idadi ya pikseli, ukuzaji wa mfumo na fonti, na afuate hatua kwa mpangilio.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Hadhi hiyo haitakuwa na uzito iwapo mwanafunzi wa Kiswahili atalazimika kuihama lugha yake kila projekta inapogoma. Tunapendekeza kwamba vyama vya wanafunzi vitayarishe mwongozo wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili na kuubandika kando ya kila projekta katika kumbi za mihadhara. Hatua saba tulizozitaja katika sehemu ya tano zinaenea katika ukurasa huo, na nafasi ikabaki.